Bwana Andika na Majina ya Chini ya Sakafu

Kwanza kabisa, marehemu hakuiba wazo la mtu. Tangu Jumanne imekuwa ikisemwa, kwenye foleni ya duka la dawa, gatini, na hata kwenye viti vya msiba huu huu, kwamba boti ya mapipa matatu iliyompa sifa haikutoka kichwani mwake, bali aliichukua kwa mwanamke mmoja mchuuzi wa soda, akamwacha mikono mitupu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nusu ya hili ipo, na nusu ya pili haitakuja kamwe. Familia imeona heri lielezwe hapa, mbele ya jeneza lake, mara moja tu na kwa tarehe zake, ili atakayetaka kusema kesho awe na la kweli la kusema. Wasifu huu umeandikwa na mjane wake, na unasomwa na binti yao mkubwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili iliyogusana ukuta na mashine ya kusaga unga. Baba yake alikuwa fundi wa matangi ya maji, mama yake mshonaji. Kwa kuwa mashine ilinguruma kutwa, watoto wa nyumba ile walikua wakiongea kwa kupayuka. Yeye peke yake alikaa kimya akitazama midomo ya watu. Majirani walidhani ni bubu mpaka alipofika miaka mitano. Dada yake anayemfuata, ambaye yupo nasi leo, hakubali neno hilo. "Bubu wapi!" husema. "Kaka yangu alikuwa anasubiri sisi tumalize. Sasa sisi tulikuwa tunamaliza?"

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya posta, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi, alikopata cheti cha uchomeleaji mwaka 1971. Ripoti zake zipo. Hesabu, wastani. Lugha, wastani. Useremala, vizuri. Mwalimu wa useremala aliongeza kwa wino mwekundu: "Hana haraka ya kujibu. Ana masikio." Baba yake aliisoma ripoti hiyo akiwa amesimama, akafunga safari hadi shuleni kudai maelezo, kwa sababu alielewa kwamba mwanawe ameitwa punda. Marehemu aliitia ripoti ile kwenye fremu, na miaka arobaini ilining'inia karakanani juu ya mashine ya kukatia chuma.

Baada ya chuo alifanya kazi karibu miaka minane katika kampuni ya matangi, mahali alipofanya kazi baba yake. Tarehe 3 Septemba 1979 alifungua karakana yake mwenyewe kando ya ziwa: banda la mabati lenye milango miwili, mmoja unaotazama barabara na mwingine unaotazama maji. Mwanzoni alitengeneza mageti, vitanda na magurudumu ya mikokoteni. Mwaka 1983 shule ya sekondari ya ng'ambo ilihitaji chombo cha kuvusha walimu na vitabu kila asubuhi. Alipanga mapipa matupu ya mafuta safu mbili, akayachomelea yakashikamana, akaweka sakafu ya mbao juu yake, uzio wa vyuma pembeni na turubai la kivuli. Chombo kilikwenda. Miaka iliyofuata mapipa yale yaligeuka mabomba marefu ya alumini yaliyozibwa ncha zote mbili, lakini watu hawakubadili jina. Boti ya mapipa ni boti ya mapipa.

Miongoni mwa walimu waliovuka kwa chombo hicho alikuwamo mwalimu wa hesabu, binti wa miaka ishirini na saba, aliyekuwa amechoka kuingia darasani na sketi iliyolowa. Mwezi Mei 1984 alikaa akaandika barua ya kurasa mbili yenye hoja kumi na moja, akaipeleka karakanani kwa mkono wa mhudumu wa ofisi. Maji yanaruka katikati ya mapipa na kulowesha miguu. Lango la uzio linafunguka kwa nje, hivyo anayeliegemea anakwenda nalo. Ngazi imewekwa pembeni ya mapanga ya injini, na anayepanda kwa haraka anaweza kufika juu akiwa na vidole pungufu. Hoja ya kumi na moja ilisema: "Mwenye chombo ajifunze kusalimia abiria."

Wiki sita hakikusikika kitu. Wiki ya saba fundi aliingia ofisi ya walimu, barua mkononi ikiwa nyeusi kwa mafuta.

"Aliyeandika hii ni nani?"

"Ni mimi. Kuna hesabu iliyokosewa?"

"Hakuna. Kumi nimezitengeneza, njoo uzione. Hii ya kumi na moja ndiyo imenishinda. Inataka mwalimu."

Walimu walicheka hata kengele haikusikika. Mwalimu wa hesabu hakucheka. Alimwambia aanze kwa kumwamkia mwalimu mkuu, ambaye muda wote ule alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Aprili 1985, wakaishi pamoja miaka thelathini na minane. Walijaliwa watoto watatu. Hoja ya kumi na moja iliendelea kushughulikiwa.

Barua ile ndiyo iliyozaa desturi yake ya kazi. Tangu wakati huo hakuna boti iliyotoka mikononi mwake bila daftari lililofungwa kwa kamba kando ya usukani na kufunikwa nailoni. Mwenye boti aliyekuja kulalamika kwa mdomo alijibiwa neno moja tu: "Andika." Awe ameloa, awe amekasirika, awe shemeji yake, "Andika." Ndipo likamganda jina la Bwana Andika, na wengi waliopo hapa hawajapata kumwita vingine. Kila mwaka boti ilipopandishwa nchi kavu kusuguliwa, alikaa kwenye benchi akasoma daftari lote, mwenye boti akiwa amesimama pembeni kama mwanafunzi aliyeleta kazi isahihishwe.

Muuguzi mstaafu aliandika kuwa magoti yake hayawezi kuruka kizingiti cha lango. Kizingiti kikaondolewa. Mwenye nyumba ya wageni aliandika kwamba chai ya wateja wake humwagika boti ikikata kona. Meza zikatobolewa matundu ya kukalisha vikombe. Bwana mmoja anayetembea kwa kiti cha magurudumu alichora lango analotaka na kuandika vipimo vya kiti chake. Marehemu hakuviamini vipimo, akaenda nyumbani kwake na futi, na tangu siku hiyo malango yote ya boti zake yana upana huo. Mwingine aliandika, "Mke wangu tukifika katikati ya maji anaongea sana." Chini yake marehemu akajibu, "Hiyo si ya karakana."

Sasa tufike kwa Mama Kreti, yule mchuuzi wa soda.

Mama Kreti alinunua boti mwaka 1989, akawa anavusha kreti za soda na abiria wachache. Mwezi Oktoba mwaka huo huo aliandika kwenye daftari lake: "Mzigo ukihamia upande mmoja boti inalala. Weka pipa la tatu katikati." Marehemu alijibu kwa mwandiko wake: "Mawili yanatosha. Binadamu ana miguu miwili na haanguki." Mwaka uliofuata Mama Kreti aliandika chini yake: "Binadamu habebi kreti arobaini." Marehemu aliisoma, akacheka, akaigeuza karatasi. Hili halifichwi. Alikataa mara mbili, kwa sababu alikuwa fundi mwenye sifa na sifa zilikuwa zimeanza kumziba masikio yale yale aliyosifiwa utotoni.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1991, timu ya mpira ya shule ilikuwa inarudi na kombe kwa boti nyingine. Abiria wote wa Mama Kreti walikimbilia upande mmoja kupunga mikono. Boti ililala ubavu. Watu kumi na mmoja waliingia majini na kumi na mmoja walitoka. Kreti kumi na tisa zilizama. Mama Kreti alitembea kutoka gatini hadi karakanani maji yakimchuruzika, na daftari mkononi.

"Bwana Andika, niliandika au sikuandika?"

"Uliandika, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na wewe ulisoma?"

"Nilisoma. Sikusikia."

Alifunga mlango wa barabarani kwa wiki mbili, akabaki na ule wa majini. Hakupokea kazi nyingine yoyote. Pipa la tatu alilitengeneza kwa mikono yake, akaligawa vyumba vinne ndani ili chumba kimoja kikitoboka vitatu viendelee kubeba. Kisha akalifunga chini ya boti ya Mama Kreti, akapandisha juu kreti arobaini na mafundi wake wote, akawaamuru wakimbilie upande mmoja wakipiga kelele. Boti iliinama kidogo, ikarudi. Kuanzia siku hiyo akaweka sheria: hakuna pendekezo la mwenye boti linalokataliwa kabla halijapelekwa majini siku moja.

Alitaka pia kila boti ya mapipa matatu iandikwe ubavuni, kwa rangi, "Wazo la Mama Kreti", na kila kilichopendekezwa na mtu kiandikwe jina la mtu huyo. Mkewe ndiye aliyemkataza. Alimwambia, "Boti yako itajaa majina ya watu kama ukuta wa shule. Utaonekana huna lako." Marehemu alifikiri siku mbili, akamjibu, "Basi nitayaandika pasipoonekana." Mkewe alidhani ni mzaha, na habari ikaishia hapo. Kama kuna wa kulaumiwa kwa majina hayo kukaa gizani miaka thelathini na miwili mpaka midomo ikapata pa kuingilia, si marehemu.

Mwaka 2016 mapafu, yaliyovuta moshi wa kuchomelea tangu ujanani, yalianza kumsumbua. Aliacha kazi ya moto, akabaki kwenye benchi na madaftari. Tarehe 29 Oktoba mwaka huu alilazwa katika hospitali kuu, wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Siku ya tatu alimweleza muuguzi kwamba gurudumu moja la stendi ya dripu linakwama, na kwamba ngazi ya kupandia kitandani imewekwa upande ambao mgonjwa hashuki. Muuguzi, ambaye baba yake ana boti ya mapipa, alimjibu, "Mzee, usiniambie. Andika." Alicheka mpaka akakohoa, akaomba kalamu. Aliandika hoja sita. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkewe na binti yake mkubwa wakiwa pembeni yake. Gurudumu limekwisha kutengenezwa.

Jioni ya siku hiyo ndipo maneno yalipoanza, kwamba Mama Kreti hajafika msibani kwa sababu ya kinyongo. Mama Kreti alikuwa ng'ambo na mzigo. Alifika Jumatano asubuhi, akaambiwa na mtu ambaye hatatajwa kwamba asikitike kwa kiasi, maana marehemu alimwibia. Akina mama waliokuwa jikoni walimsikia Mama Kreti akimjibu.

"Niliibiwa mimi?"

"Ndivyo wanavyosema, dada."

"Niibiwe, halafu nisijue mwenyewe mpaka niambiwe na wewe uliyekuja kula? Hebu niitieni Fundi Rangi."

Fundi Rangi alifanya kazi na marehemu tangu 1980. Aliitwa, akakuna kichwa, akasema kuna jambo aliloapishwa asiliseme, lakini aliyemwapisha amelala mochwari na hatamwuliza. Alhamisi, saa tisa alasiri, mbele ya watu wasiopungua thelathini, alifungua mfuniko wa sakafu ya boti ya Mama Kreti. Kwenye boriti ya alumini inayoshika mapipa palikuwa na maandishi yaliyogongwa kwa nyundo, herufi moja moja, ya kutofutika: "Pipa la tatu ni wazo la Mama Kreti. Nilikataa mara mbili." Wakafungua ya pili, ya tatu, ya saba. Zote zilikuwa na maneno hayo, na chini yake majina: muuguzi wa magoti, mwenye nyumba ya wageni, bwana wa kiti cha magurudumu, kila mmoja na alichopendekeza na mwaka wake. Ziko boti sitini na moja. Anayebisha aende na bisibisi.

Mama Kreti aliinama akasoma, akanyanyuka, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwanamume gani huyu," alisema, "anaungama chini ya miguu ya watu?"

Marehemu ameacha mjane, binti wawili, mmoja mwalimu na mmoja anayeendesha karakana hivi sasa, mwana mmoja, mpimaji ardhi, wajukuu saba, dada yake, wakwe na mashemeji, Fundi Rangi, na wote ambao madaftari yao bado yamefungwa kando ya usukani. Wanaombwa waendelee kuandika. Yatasomwa.

Apumzike sasa, baba aliyesubiri wengine wamalize kwanza. Mungu amlaze mahali palipotulia.

Limebaki moja. Boti ya mwisho kufunguliwa Alhamisi ilikuwa ile ya kwanza kabisa, ya shule. Kwenye boriti yake pamegongwa: "Mwalimu wa Hesabu, 1984. Hoja kumi na moja. Kumi zimekwisha." Chini yake upo mstari mmoja zaidi unaohusu hoja ya kumi na moja. Fundi Rangi aliusoma kimya, akasogea kando ya mfuniko, akamwachia nafasi mjane. Wengi wameuliza mstari huo unasemaje. Uliandikwa kwa mtu mmoja, naye ameusoma. Hasemi.