Kumtaja Mwenye Maneno: Ibu Welmince Taneo Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha uandishi wa kitaaluma hapa chuoni kwetu Kupang, Indonesia, Ibu (yaani Mama) Welmince Taneo anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Wanaoihofia kalamu yake nyekundu wasishangilie mapema: ameahidi kuja kutuchungulia.

Somo lake lilikuwa kutaja vyanzo, ambalo wengi hulikimbia kama dawa chungu. Yeye alilifundisha kwa sahani ya tambuu. Kwa desturi ya huku, huingii nyumba ya mtu ukachota maneno mikono mitupu. Unatanguliza tambuu na popoo, ndipo unauliza. "Kutaja chanzo ndiyo tambuu yako," alikuwa akisema. "Usipoiweka, wewe si mtafiti. Ni mdokozi tu mwenye kompyuta."

Lakini kisa tusichochoka kukisimulia ni cha mwanafunzi wake, Yeskiel Benu. Tasnifu yake kuhusu ufumaji ilikuwa karibu kutupwa, na shahada pamoja nayo, kwa kuwa kurasa kadhaa zilifanana na kitabu kilichoitangulia. Jopo la watahini likasema ni wizi. Maskini, kitabu chenyewe hakuwahi kukiona. Yote aliambiwa na mfumaji mmoja, Mama Orpa Selan, ila akaandika "wazee wanasema" basi. Kumwanika mzee kwa jina lake tupu aliona ni kukosa adabu.

Ibu Welmince aliliomba jopo wiki moja, akampakia Yeskiel kwenye pikipiki yake, wakapanda milimani kwa Mama Orpa, na tambuu mfukoni na kile kitabu. Mama Orpa alipoonyeshwa picha ya mwandishi, alicheka.

"Huyu naye alikaa hapo hapo ulipokaa, mwanangu, akanywa kahawa yangu. Mbona jina langu hakuliandika? Wewe liandike, tena lote."

Yeskiel akaliandika. Jopo, lilipoona kwamba tasnifu na kitabu vilichota kwa mzee yule yule, likampitisha kwa alama za juu, nami niliyekuwa katibu wa jopo nilitamani kuruka kwa furaha. Tangu hapo kitivo chetu huwataja wafumaji na wakulima kwa majina kamili, safu moja na maprofesa.

Mama Orpa hajui kusoma. Alipopelekewa nakala yake ya tasnifu, alitaka kuonyeshwa jina lake lilipo, akaweka kidole hapo, na kwa muda mrefu hakukiondoa.

Ahsante, Ibu Welmince. Tunakuombea afya, furaha na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na tasnifu ya mtu yeyote.