Fundi Sikio, na Mlio Ambao Hakuusikiliza

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Sikio, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake, mkabala na kiwanda cha kupasua mbao. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho. Mama yake alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa kando ya kitanda cha watoto. Mama alipenda kusimulia kwamba mwanawe, akiwa na miaka sita, alimkatiza katikati ya gauni la mteja akamwambia, "Mama, mashine yako ina mafua." Mama akamfukuza akacheze nje. Kesho yake cherehani ikakwama, na aliyeifungua akakuta imekauka mafuta kabisa. Tangu hapo mama hakuanza kushona gauni la harusi bila kumwita kwanza mwanawe aje asikilize.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kuimaliza 1965. Hakuwa mwanafunzi wa kutamba. Katika ripoti ya darasa la tano, ambayo ingali kabatini nyumbani, mwalimu wa hesabu aliandika: "Mtoto huyu ni msikivu mno, ila anayemsikiliza si mimi." Alikuwa akisikiliza malori ya magogo yaliyopanda kilima nje ya dirisha. Mwaka 1966 alijiunga na chuo cha ufundi, na Desemba 1968 alihitimu na cheti cha injini za dizeli.

Baba yao alifariki mwaka 1971. Dada yao alikuwa tayari ameolewa, lakini kitindamimba alikuwa na miaka minane tu, na kaka mtu akawa ndiye baba. Alimvalisha sare ya shule, alimtibu surua, alimpigia mstari chini ya maneno aliyokosea kuandika. Baadaye alimfundisha kuendesha gari katika uwanja mtupu wa kiwanda, akiwa amekaa pembeni yake na kumwambia neno moja tu kila mara: "Taratibu." Mdogo wake akawa dereva wa malori, na dereva mzuri. Marehemu alijivunia leseni ya mdogo wake kuliko cheti chake mwenyewe.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika karakana ya kampuni ya usafirishaji, kuanzia Februari 1969. Huko ndiko alikopewa jina la Sikio. Alikuwa na kipande cha nondo chenye urefu wa mkono. Ncha moja aliiweka juu ya injini inayounguruma, ya pili akaibana nyuma ya sikio, akafumba macho. Madereva walikuwa wakinyamazishana: "Shii, yuko kwenye simu." Akifumbua macho alisema, "Silinda ya nne, valvu imelegea," na ikifunguliwa ilikuwa ya nne. Mwaka 1984 alifungua gereji yake nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: kontena moja, shimo la kukagulia magari, na makarai sita ya kumwagia oili chafu.

Lakini simu ya kweli ndiyo iliyomleta mkewe. Mkewe alikuwa opereta wa simu posta, na marehemu alipotaka kuagiza vipuri kutoka mji mwingine ilibidi apitie kwake. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Ndani ya miezi minne karakana ikajaa vipuri ambavyo haikuvihitaji. Siku moja opereta akamwambia, "Wewe fundi, hii ni gasketi ya nne wiki hii. Kwani una malori mangapi?" Akajibu, "Sina hata moja, dada. Nina masikio tu." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 2 Septemba 1978. Mungu akawajalia mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja.

Hapa familia ilijiuliza kama yanayofuata yasomwe mbele ya watu. Marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe. Alisema, "Msije mkanipaka rangi. Someni na la mpira."

Jumamosi, tarehe 10 Februari 1996, mdogo wake alileta lori la mwajiri wake kubadilisha oili. Marehemu hakumwachia fundi mwingine. Alimwaga oili ya zamani mwenyewe, akafungua filta, akafunga mpya, akajaza. Jumatatu asubuhi mdogo wake akarudi, lori likiwa limeshapakiwa saruji. Marehemu alikuwa chini ya gari jingine, na mengine matatu yalikuwa yakimngoja. Hakutoka. Alizungumza na viatu vya mdogo wake.

"Kaka, gari inalia tik-tik-tik huku juu. Haikuwa na mlio huu kabla hujabadilisha oili."

"Ni oili mpya hiyo, bado haijapanda vizuri. Injini ikipata joto itanyamaza."

"Nimepima asubuhi, naona imeshuka."

"Umepimia wapi, pale kwako kwenye mteremko? Gari ikiinama hata kijiti kinadanganya."

"Basi isikilize tu, kaka. Dakika moja."

"Mdogo wangu, oili nimeiweka mimi, kwa mkono huu. Nenda, saruji ya watu inasubiriwa."

Viatu vilisimama kidogo, kisha vikaondoka. Kimoja kilikuwa na kamba nyeusi na kingine kamba ya kahawia, na marehemu alituambia kwamba kwa miaka mingi ndivyo alivyomkumbuka mdogo wake, kuanzia vifundoni kwenda chini.

Lori lilifika kilomita ya mia mbili na kumi. Katika kupanda kilima injini ikakwama na kufa. Hakuna aliyeumia. Lakini mwajiri alisema dereva ameendesha gari bila oili, na ndani ya wiki hiyo akamwachisha kazi. Mdogo wake alirudi kwa basi, akaja gerejini mbele ya wateja na mafundi.

"Kaka, niandikie barua. Sema tu kwamba gari ilikuwa na mlio, na nilikuja kukuambia."

"Siwezi kuandika barua ya kufunika uzembe wa mtu. Usiniingize kwenye uongo wako."

Mdogo mtu aligeuka akatoka. Kabla mwezi haujaisha alihama na mkewe na mtoto wao, bila kuaga. Ufunguo wa nyumba aliuacha kwa dada yao.

Mwezi Mei injini ile iliyokufa ililetwa gerejini ivunjwe kwa vipuri. Marehemu aliifungua kwa mkono wake. Alipofika kwenye filta akakuta mipira miwili ya kuzuia oili isivuje, badala ya mmoja. Mpira wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umegandamana na chuma, na yeye, Jumamosi ile, alifunga filta mpya juu yake bila kuangalia. Mipira miwili haikazi vizuri. Oili ilikuwa imepenya hapo tone kwa tone tangu siku ya kwanza, na ule mlio ulikuwa wa vyuma vya juu kugongana vikiwa vikavu. Angeinuka tu akashika kijiti cha kupimia, angeona. Angeweka nondo yake pale juu, angejua kabla ya kuona.

Mkewe alimkuta amekaa chini saa nane mchana, mpira ukiwa kiganjani. Alidhani ameumia mkono. Marehemu akamwambia, "Mama watoto, nimemwita ndugu yangu mwongo." Siku hiyohiyo aliandika barua mbili na kuzigonga mhuri wa gereji. Ya kwanza ilikwenda kwa mwajiri, ambaye baada ya wiki tatu alijibu kwamba jina la dereva limesafishwa na nafasi yake ipo. Ya pili aliituma kwenye sanduku la posta alilopewa na dada yao, katika mji ulio mwendo wa siku mbili kwa basi. Barua hiyo haikurudishwa, wala jibu halikuja.

Aliandika nyingine Desemba. Na nyingine. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Barua zake zilikuwa za habari: mtoto fulani kafaulu, mama anaumwa, mama amefariki. Mama yao alizikwa mwaka 2003 na nafasi ya kitindamimba kando ya kaburi ilibaki wazi. Marehemu alikataza mtu mwingine kusimama pale.

Gerejini aliweka sheria. Gari likibadilishwa oili halikutoka mpaka lingurume nusu saa, yeye mwenyewe akiwa amesimama kando. Wateja wenye haraka walinung'unika. Aliwaambia, "Nenda ukanywe chai. Ukirudi, utalikuta."

Na Jumapili alasiri alitoa kiti akakiweka ukutani, upande wa barabara kuu, pale malori yanapobadilisha gia kuanza kilima. Mdogo wake alikuwa na namna yake ya kubadilisha gia. Alitua kidogo katikati, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema neno zito. Marehemu aliamini kwamba angeijua gia hiyo kati ya elfu. Mkewe alimletea maji ya kunywa na kumuuliza kama lipo la maana lililopita. Alijibu, "Leo bado." Miaka ikapita hivyo, na kiti kikabadilishwa mara tatu.

Alhamisi, tarehe 18 Juni 2015, dereva mgeni aliingia gerejini na lori lenye mlio. Alikuwa amebadilishiwa oili siku iliyotangulia katika mji mwingine. Kabla fundi hajaligusa, dereva akasema, "Mzee, naomba kwanza mwangalie mpira wa filta, kama wa zamani haujabaki."

Marehemu akaweka nondo chini. "Nani kakufundisha hilo?"

"Kuna mzee kule kwetu anafundisha madereva wapya. Hilo ndilo somo lake la kwanza. Anasema ukibadilisha oili ukasikia mlio, usiondoke, hata aliyekuhudumia akiwa kaka yako. Anasema yeye alikuwa na kaka, fundi ambaye hapakuwa na sikio kama lake."

"Alisema 'kaka yangu'?"

"Ndiyo, mzee."

"Hebu sema tena."

Dereva alirudia mara tatu, bila kujua anaulizwa nini. Kisha akatoa simu yake na kutafuta namba. Walioshuhudia wanasema marehemu alishika simu ile akasema tu, "Ni mimi," kisha, "Nilikuwa chini ya gari. Ningetoka." Na upande wa pili mtu alikuwa analia.

Kumbe barua zote zilifika. Mdogo wake alikuja kwa basi Jumamosi, tarehe 27 Juni, akiwa amezifunga kwa kamba, kumi na saba. Akasema, "Ya kwanza niliipata mwezi wa saba, mwaka uleule. Nilitaka nikae na hasira wiki moja tu. Halafu nikaona aibu ya kujibu nimechelewa. Kila mwaka aibu ikawa kubwa kuliko hasira yenyewe." Marehemu akamwambia, "Miaka kumi na tisa, wewe! Hata posta haichelewi hivyo." Wakacheka mpaka mke wa marehemu akaja kuona kulikoni. Mdogo wake alikaa siku kumi na moja. Walikwenda pamoja kwenye kaburi la mama, na mdogo mtu akasimama pale palipoachwa wazi.

Tangu hapo walizungumza kwa simu kila Jumapili. Lakini tuliokuwa nyumbani tuliona kwamba kuonana hakukumaliza kiu. Marehemu alikuwa akitazama picha ya mtoto wa mdogo wake, aliyeondoka akiwa na miaka minne na sasa ni mtu mwenye ndevu, na alisema, "Huyu alikuwa anabebwa."

Figo zake zilianza kumsumbua mwaka 2019, na gereji akamkabidhi binti yake wa pili, ambaye ndiye anayeiendesha. Oktoba 2022 hali ilibadilika akalazwa. Mdogo wake alifika tarehe 30 na hakuondoka. Alilala kwenye benchi la ukumbi. Wakati mmoja marehemu alimwambia, "Ningepewa ile miaka, nisingeomba yote. Ningeomba ule wa kwanza tu, ulipokuwa na hasira. Ungenikasirikia hapahapa, mezani kwangu. Ningeizoea." Mdogo wake akamjibu, "Hata mimi, kaka." Hawakulizungumza tena.

Fundi Sikio alifariki Jumatano, tarehe 9 Novemba 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Mkewe alikuwa ameshika mkono wa kulia na mdogo wake mkono wa kushoto. Ulipita muda kabla yeyote kati yao hajakubali kuachia ili muuguzi afanye kazi yake.

Ameacha mjane, dada mmoja, mdogo wake, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, na mtoto wa mdogo wake aliyefika jana jioni na ambaye hakupata kukaa na baba yake mkubwa walau siku moja akiwa mtu mzima. Familia inawaomba, wenye ndugu mnaowadai neno au mnaodaiwa, muwapigie leo kabla hamjavua nguo za msiba.

Mungu ampokee fundi wetu, na ampe mapumziko yenye amani.