Pikipiki ya Betri ya Injiniya

Mwaka ule wa embago, nchi jirani zilipotufungia mipaka, petroli ilikauka Gitega na vita vilikuwa bado vilimani. Houssein, mchomeleaji wa mtaa wetu wa Waswahili, ambaye kijiweni tulimwita Injiniya, aling'oa injini ya pikipiki ya marehemu baba yake akaweka mota ya umeme na betri mbili za lori. Betri zikakosa nafasi, basi akang'oa na resori za nyuma, zile springi za kupunguza mitikisiko. Asubuhi moja aliileta mbele ya benchi letu, pale Husni anapouza kahawa. Ignace, muuza vitenge kutoka Uvira, akapanda nyuma wakazunguka soko. Alirudi ameshika kiuno.

— Injiniya, hii iko pikipiki ao iko kinu?

— Barabara ndiyo mbaya, Ignace. Pikipiki iko sawa.

— Na resori?

— Za nini? We umenona, nyama yako ndiyo resori.

Zakaria, dereva wa lori lisilo na mafuta, akaweka kikombe chini.

— Kosa ni kukaa. Ukiona shimo, unasimama.

— Nikisimama nashika nini?

— Hewa.

— Mi ningejaza tairi maji, alisema Husni. Italala kama godoro.

— Voilà! alidakia Zakaria. Na abiria akunywe uji kwanza. Tumbo likijaa halitikisiki.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika mtu mwenye matope hadi magotini. Alijitaja: Esdras, mkulima wa Makebuko.

— Nimeambiwa hapa iko pikipiki isiyotaka petroli. Bibi yangu Ruth iko na uchungu tangu jana. Mkunga anasema hospitali tu.

Akabonyeza kiti cha nyuma kwa kiganja. Akamtazama Ignace na kiuno chake.

— Atafika?

Houssein alitazama kazi yake ya miezi sita, akatia ufunguo mfukoni.

— Kwa hii, hapana. Twende tukamubebe.

Machela haikupatikana. Imamu akatupatia jeneza la msikiti, na Husni akafunika birika la kahawa akaja nasi. Tulimbeba Ruth kutoka kwao kwa zamu, mlima hadi mlima, mabega yakiwaka. Kwenye bariyeri wanajeshi walivua kofia, wakidhani ni maiti. Ruth akainua kichwa akawaomba maji.

Alijifungua hospitali saa kumi jioni, mtoto wa kike. Mkunga wa hospitali alipomuuliza safari ilikuwaje, alisema kwenye ule mteremko wa mwisho alisinzia kidogo.