Shangazi Amefungwa, Maji Yapo

Ijumaa, tarehe 30 Agosti. Asubuhi ina mawingu mepesi, upepo hakuna. Leo fundi mkuu wa mradi wetu wa maji, tunayemwita Bi Spana, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wasifu huu ulipaswa kuwa wa kuchangamsha tu, lakini ofisi nzima haijapona mshtuko wa wiki mbili zilizopita.

Aliajiriwa mwaka ule ule wanachama walipomaliza kuchimba mitaro kwa majembe yao. Mradi ni mali yao. Wao ndio huchagua kamati. Alianza kwa kubeba mabomba, akaishia kuyasikiliza: husimika nondo ardhini, huitegea sikio, kisha husema panavuja, na pakichimbwa panavuja kweli. Siku moja alitegea sikio sakafu ya ofisi akatangaza kwamba karani anakoroma stoo. Alikuwa anakoroma.

Jumanne tarehe 13 alikuwa likizo, amempeleka kaka yake hospitali ya mbali. Saa mbili asubuhi bomba kuu likapasuka. Tangi lilibaki na maji ya kutosha muda wa saa tatu tu, na wodi ya wazazi ya kituo chetu cha afya hutegemea tangi hilo. Meneja, mwenye miezi miwili kazini, akafungua droo ya ramani. Ramani hakuna. Palikuwa na karatasi moja, mwandiko wa Bi Spana: "Likipasuka, mfungeni Shangazi kwanza. Mama Mkwe msimfungue mpaka Shangazi atulie. Shemeji ana kichwa kigumu, mpigeni nyundo kidogo."

Meneja akaketi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu mama, nyumbani kwake kuna usalama?"

Kumbe hao ni koki za kufungia mabomba. Koki zote arobaini na tatu alizipa majina ya jamaa zake kulingana na tabia zao, na pale ofisini zilipo alijua yeye peke yake. Simu yake haikupatikana. Wafanyakazi kumi na wanne tukafunga ofisi.

Tukakimbilia mtaani kuuliza. Mwoka mikate, aliyezoea kumsikia Bi Spana akiitaja koki kwa jina kila akija kuikagua, akatushangaa. "Shangazi? Si yuko nyuma ya tanuri langu! Mtaro ule kachimba mama, mimi nikiwa mgongoni." Fundi cherehani akasema Mama Mkwe yuko chini ya ngazi yake, "na mwendeeni taratibu, hapendi pupa." Saa nne na nusu Shangazi alikuwa amefungwa, Mama Mkwe yuko huru, na wodi haikukosa maji hata dakika moja. Wenye mali walijua mali yao ilipo. Sisi tuliopewa kuitunza ndio hatukujua.

Aliporudi, wanachama walitembea naye siku tano, yeye akionyesha, wao wakisahihisha. Mara mbili alikosea, bibi mmoja akamcheka hadharani. Sasa ramani ipo ukutani. Meneja alipendekeza namba badala ya majina, mkutano ukamzomea. Shemeji anabaki Shemeji.

Kinachotushtua hadi leo ni kwamba zawadi ya kumuaga tulikwisha kuinunua, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaondoka na nini kichwani. Tunamwomba radhi, tunamshukuru, na tunamtakia kupona kwa goti lake lililochakaa mitaroni na asubuhi nyingi zisizo na simu ya bomba lililopasuka.

Siku ramani ilipokamilika alijinyoosha kwenye benchi la stoo, buti zikiwa na tope, akasinzia saa tisa na dakika ishirini alasiri. Hatukumwamsha.