Faji ya Dakika Kumi

Pale kona ya duka la Bi Enid, mjini La Brea, kuna benchi la mbao lenye tofali chini ya mguu mmoja. Ardhi ya La Brea ina lami tumboni na haitulii: mwezi huu benchi linalalia kushoto, mwezi ujao kulia, na waliolikalia husogea nalo bila kukatiza maneno. Wenyewe ni watatu. Cuthbert, aliyechimba lami kule kwenye Ziwa la Lami mpaka akastaafu, anaitwa Lami. Sookram, aliyekuwa akiita majina ya watu mlangoni pa mahakama, anaitwa Hakimu, ingawa hajawahi kuhukumu hata kuku. Wa tatu ni Hollis, fundi umeme, ambaye hakuna kazi duniani asiyoiona ya mara moja, na watu wamemwita hivyohivyo, Mara-Moja. Jumamosi ya bazaa, soko la hisani la kanisa, jua likiwa utosini, Mara-Moja alifika benchini amekumbatia trei, akakaa akiipa mgongo nyumba yake iliyo ng'ambo ya barabara.

Ndani ya trei mlikuwa na faji. Yaani ilipaswa kuwa faji, ile ya maziwa na sukari inayokatwa vipande kama kashata. Iliyokuwemo ilikuwa inatembea.

— Umeleta uji? Lami aliuliza.

— Faji.

— Mbona inacheza?

— Ndiyo maana nimekuja, bwana. Imekataa kuganda.

Kisa chenyewe mji mzima ulikuwa nacho. Jumapili iliyopita, baada ya misa, padri alisimama mlangoni akimsifu Lystra, mke wa Hollis, kwamba bazaa bila faji yake si bazaa. Hollis, ambaye kunyamaza hakumo katika vipaji vyake, akadakia mbele ya kina mama wote: "Baba, faji kitu gani? Sukari, maziwa, siagi, dakika kumi kwisha." Lystra hakugomba. Alimwambia padri, kwa adabu kabisa, kwamba basi Jumamosi atapika mume wake. Tangu hapo, nyumbani hakusema naye ila ya lazima. Chakula hiki hapa. Funga dirisha. Hollis amezoea nyumba yenye maneno, na kufikia Alhamisi alikuwa anaijibu redio. Roho ilimuuma, na hakuwa na njia nyingine kichwani mwake ila hii: afike bazaani saa kumi na trei ya faji iliyonyooka, Lystra aione, yaishe.

— Umeichemsha? Hakimu aliuliza, akijiweka sawa kama mtu anayefungua kesi.

— Nimeichemsha.

— Umeitia matone kwenye kikombe cha maji baridi?

— Nimetia. Yakafanya kidonge laini, kama inavyotakiwa.

— Halafu?

— Halafu nikamimina kwenye trei. Dakika kumi kamili. Kazi safi.

— Kazi safi, lakini kitu chenyewe kinatoroka, alisema Lami.

Lami aliipokea trei, akaiinamisha huku, akaiinamisha kule. Alinywa funda la kakao ya moto, akafuta masharubu.

— Nisikilizeni mimi. Hili siyo kosa la mpishi. Trei ulikuwa umeiweka wapi?

— Mezani.

— Meza iko wapi?

— Jikoni, bwana, itakuwa wapi?

— Jiko liko juu ya nini? Juu ya nguzo. Nguzo ziko juu ya nini? Juu ya lami. Sasa mimi nimekula chumvi na lami, naijua tabia yake. Lami haitaki kitu kingine kigande juu yake. Ina wivu. Mchana inapumua joto kwenda juu, linapita nguzoni, linaingia mezani, mpaka kwenye trei yako.

— Mbona ya Lystra huganda palepale mezani?

Lami alimpima Mara-Moja kwa macho.

— Lystra ni mwepesi. Wewe ukisimama jikoni unaikandamiza nyumba, lami inakasirika.

— Acha uongo wako, Hakimu alimkata. Kila kitu kwako lami. Juzi mbuzi wa Bi Enid kaugua, ukasema lami.

— Na alipona?

— Hakupona.

— Sasa?

Hakimu alimpuuza, akamgeukia Mara-Moja. Alikuwa na sauti nene iliyobaki kutoka kazini, na alipenda kuitoa nje ipigwe na upepo.

— Ndugu yangu, tuanze kwenye chanzo. Maziwa uliyotumia yametoka wapi?

— Kwenye kopo.

— Kopo limetoka wapi?

— Kwa Bi Enid, hapo.

— Wewe mtu wewe! Ng'ombe! Ng'ombe yuko wapi?

— Nitajuaje, Hakimu? Ng'ambo huko.

— Asante. Ng'ambo, kwenye baridi. Ng'ombe amezaliwa kwenye baridi, kanyonyesha kwenye baridi. Maziwa yake yanajua kuganda kukiwa na baridi tu. Umeyaleta La Brea, wakati huu wa kiangazi, unayaambia gandeni. Yanakushangaa. Yanasubiri baridi ije.

— Na ya Lystra? Kopo lilelile.

— Lystra ana mikono ya baridi. Si umemuoa wewe? Hujui?

Mara-Moja alijaribu kukumbuka mikono ya mkewe ikoje, akaona hana hakika. Jambo hilo lilimkera kuliko faji.

— Mimi nina saa tatu tu, alisema. Sitaki historia ya ng'ombe. Nifanye nini?

— Tuitie unga, Lami alisema.

— Itakuwa keki.

— Basi uza keki.

— Nimesema faji mbele ya padri!

— Hapo ndipo ulipoharibu, Hakimu alisema. Ungesema mbele yetu, tungekwisha kusahau.

Faji ilikuwa imeanza kulalia upande wa chini wa benchi. Lami aliisogeza trei, akaitazama kwa makini, kisha akashika paja la Hakimu.

— Tazama. Inapanda.

— Inapanda nini?

— Benchi limelalia kushoto, faji inakwenda kulia. Inapanda kilima!

— Umeigeuza trei, wewe.

— Sijaigeuza. Nimeisogeza. Kitu kinachopanda kilima si kitu cha kawaida. Hii imetazamwa. Kuna mtu amepita dirishani ukipika, akaiangalia kwa kijicho.

Hapo hata Hakimu alikubali, kwa sababu kwa habari ya kijicho La Brea nzima ni dini moja. Akauliza nani alipita. Mara-Moja akasema hakupita mtu, alipita mbwa wa posta. Wakajadili kama mbwa ana kijicho. Lami akasema wa posta anacho, kwa kuwa kila siku anaona vifurushi vya wengine na chake hakiji. Iliamuliwa kwamba trei ifungwe kitambaa cha buluu, rangi inayofukuza kijicho. Hakuna aliyekuwa na kitambaa cha buluu isipokuwa Lami, na chake alikuwa amekivaa kama shati. Akavua. Wakaifunika.

— Sasa kisheria, Hakimu alisema, kitu kikifungwa na uovu, huitwa kwa jina mara tatu. Kisipoitika, tunaendelea bila chenyewe.

Akasimama. Mzee huyu alikuwa na miaka sabini, lakini aliinua kidevu, akaita kwa sauti ileile iliyokuwa ikiwatoa washtakiwa jasho:

— Faji! Faji! Faji!

Kuku walikimbia. Bi Enid alichungulia, akarudi ndani. Lami, kifua wazi, alifunua pembe ya shati.

— Imeitika?

— Imetoa povu.

Ndipo nesi alipofika. Alikuwa mgeni, mtu wa kisiwa cha jirani, Tobago, aliyehamishiwa zahanati ya pale mwezi huohuo, naye alisimama kona kusubiri teksi ya kwenda San Fernando. Aliwaamkia. Akawatazama wazee wawili waliovaa, na mmoja asiye na shati, wameizunguka trei.

— Kuna mgonjwa? aliuliza.

Wakamweleza wote kwa pamoja: lami, ng'ombe, mbwa wa posta. Nesi alisikiliza mpaka mwisho kwa uvumilivu wa kazi yake.

— Kwa kawaida nani huipika?

— Mke wake huyu, Hakimu alisema.

— Amefariki, maskini?

— Hajafariki! Yule pale, barazani. Anamenya mbaazi.

Nesi aligeuka, akamwona Lystra ng'ambo ya barabara, sinia mapajani. Mbali kiasi cha kurusha jiwe, na jiwe lenyewe hata likirushwa na mtoto.

— Sasa kwa nini hajamuuliza?

Lami akatazama kakao yake. Hakimu akaanza kuunyoosha ukosi wa shati lake. Teksi ikaja, nesi akapanda, akaenda zake.

Mara-Moja aliinuka. Alimrudishia Lami shati lake, akachukua trei, akavuka barabara. Hatua zilikuwa chache na zote nzito. Aliona aibu, na aliona aibu zaidi kwa kuwa benchi zima lilikuwa linamtazama kisogoni.

— Lystra.

— Naam.

— Imenishinda.

— Nini kimekushinda?

— Faji.

— Ile ya dakika kumi?

— Hiyohiyo. Hufanyaje wewe? Niambie. Nakuuliza.

Mkono wa Lystra ulisimama kwenye ganda la mbaazi. Katika miaka yote ya ndoa yao mume wake alikuwa amemweleza mambo mengi sana, yakiwemo ya jikoni. Kuuliza, hakuwahi. Alichovya kidole pembeni ya trei, akaonja.

— Imeiva. Sukari iko sawa. Hukuipiga.

— Kuipiga?

— Irudishe sufuriani, tia maziwa kidogo, ichemke upya. Ukiipua, usiiguse mpaka uweze kushika kitako cha sufuria bila kuruka. Halafu uipige kwa mwiko mpaka ule mng'ao ufe. Isipopigwa haigandi, hata umwite nani mara tatu.

— Niipige muda gani?

Lystra alimtazama sawasawa, mara ya kwanza wiki ile.

— Saa yangu mimi ni nyinyi. Dirisha la jiko si linaangalia kona? Naanza kupiga, nakuona wewe unaanza hadithi. Unaimaliza. Sookram anaanza yake. Cuthbert anakwenda kuongeza kakao, anarudi, anampinga. Sookram anaanza upya kutoka mwanzo. Akimaliza mara ya pili, faji iko tayari.

Hollis aliingia jikoni. Alichemsha, akaipua, akasubiri huku akigusa kitako cha sufuria kila mara kama mtoto asiyeamini. Kisha akashika mwiko. Lystra alileta sinia lake la mbaazi, akakaa mlangoni.

Ng'ambo, Hakimu alikuwa amesimama, mkono mmoja hewani, anaanza. Hollis alipiga. Bega lilianza kuwaka. Jasho lilimwingia machoni, akahamishia mwiko mkono wa kushoto, akaurudisha wa kulia. Aliangalia dirishani. Lami alikuwa bado hata hajainuka kwenda kwenye kakao.

— Lystra.

— Piga.

— Hawa watu, alisema Hollis, akihema, hawa watu huwa wanaongea hivi hivi kila siku?

Lystra alicheka mpaka mbaazi zikamwagika sakafuni.