Risala ya Wakazi wa Nyuma ya Kisiwa: Kiwanja Kilichobadilishwa

Mgeni rasmi, Mkuu wa Hifadhi ya Ufukwe, pamoja na wote ulioongozana nao,

UKARIBISHO

Sisi wakazi tunaoishi nyuma ya kisiwa tunakukaribisha kwa mikono miwili. Ulipokuja mara ya kwanza tulikuwa hatusalimiani, na katika zogo lile hata wewe ulikosa pa kukaa. Tuwie radhi. Leo viti vipo, na waliovikalia wanataniana.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, kisiwa kilicho mbele yetu ni chembamba kama mkanda, mchanga na nyasi tu. Lakini ndicho ngao yetu. Bahari kuu inapiga kule, huku tunapata maji yaliyotulia. Ndiyo maana kilifanywa hifadhi. Ila sheria ilipofika iliwakuta watu wana viwanja vyao pale, wamevinunua kwa halali. Mmoja wao alikuwa marehemu baba wa fundi cherehani wetu, dada tunayemwita Mama Uzi.

Mama Uzi ni mjane. Miaka mingi alipanga chumba nyuma ya soko, mchana akishona mlangoni, usiku akilala ubavuni mwa cherehani. Alichotaka ni vyumba viwili kwenye kiwanja cha baba, basi. Akaomba kibali cha kujenga. Sasa kaka yake, tumbo moja, ni askari wa hifadhi hiyohiyo, na ndiye aliyetumwa kumwambia asithubutu kuanza.

"Kaka, kwa hiyo baba aliniachia mchanga wa kutazama?"

"Baba hakujua kwamba mchanga ule unahama, dada."

"Basi nami nihame nao, niende wapi?"

Dada akamrudishia sare alizokuwa anamshonea, hazina kifungo hata kimoja, na askari wetu akalinda hifadhi huku shati limeshikwa kwa pini. Tulicheka, hatukatai, lakini kilikuwa kicheko cha uchungu, maana nasi tulishagawanyika. Wengine tulisema mali ya mtu haiguswi. Wengine tulisema kisiwa kikiguswa tumekwisha. Mashemeji walinuniana, na kinyozi alikuwa na wateja wa asubuhi na wa jioni, wasije wakakutana.

CHANGAMOTO TULIZOPITIA

Jirani wa kiwanja kile, tajiri mmoja tuliyempachika jina la Bwana Ghorofa, alimtafutia Mama Uzi wakili. Dada akaona huo ni utu. Kumbe dada mwenyewe ndiye aliyekuwa ufunguo: mjane akipewa kibali, nyumba za kifahari za bwana yule zingepita mlango uleule. Na kabla hata kibali hakijatoka, Bwana Ghorofa akasawazisha kilima kimoja cha mchanga pale kisiwani ili magari yake yapite.

Bahari haikusubiri kikao cha kuamua kibali. Siku ya maji makuu, adhuhuri kweupe, mawimbi yalipita pale palipokuwa na kilima, yakavuka ghuba, yakaingia sokoni. Mama Uzi alikuwa amepanda kitandani, amekumbatia nguo za watu, sare za shule na gauni la bibi harusi, akiangalia maji yanavyopanda miguu ya cherehani. Mara kaka yake akatokea mlangoni, amelowa mpaka kifuani. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya sare. Aliinua cherehani akajitwika begani.

"Iweke chini, utavunjika mgongo."

"Niiweke chini wapi, dada? Chini ndiyo hiyo imejaa maji."

Dada alicheka, kisha akalia, kisha akamfuata nyuma ameshika mkanda wake, mpaka kwenye darasa la shule iliyo kwenye mwinuko, tulikokuwa wengi wetu tumekaa juu ya madawati. Hakuna aliyekufa, tunashukuru. Lakini pale juu ya madawati, wa upande huu na wa upande ule tulitazamana, tukaona haya.

MAFANIKIO

Kwenye kikao chako, mgeni rasmi, wakili alimsimamisha Mama Uzi ili watu wamwonee huruma. Aliyoyasema unayakumbuka, ila wapo ambao hawakuwepo.

"Wakubwa zangu, kiwanja ni changu, sitasema si changu. Lakini nimeona maji yalikopita. Sitaki vyumba vyangu viwili viwafungulie wengine mlango, halafu majirani zangu walale juu ya madawati. Msininyang'anye. Nibadilishieni."

Bwana Ghorofa akamnong'oneza aketi.

"Nimeketi miaka yote," akamjibu. "Leo niache nisimame."

Hapo kaka yake naye akainuka. Alikuwa ametumwa kutamka neno moja tu, hapana. Badala yake akawaambia wakubwa wake kwamba hapana peke yake haimpi mtu pa kulala, na kwamba hifadhi ina ardhi bara, kwenye mwinuko, haina kazi.

Ulisikiliza, ukaamua. Kisiwani hapajengwi tena. Wenye viwanja wamepewa vingine huku, na kilima kinarudishwa kwa uzio wa fito na nyasi tulizopanda wenyewe. Hata Bwana Ghorofa alipokea chake. Anajenga nyumba ya chini, lakini jina tumeamua libaki.

MAOMBI

Hatuna mengi. Tunaomba uamuzi wako uandikwe kuwa sheria, kwa sababu wewe tunakuamini, lakini viongozi hupita na viwanja hubaki vikitamaniwa. Wapo wenzetu waliobadilishiwa ambao bado hawajapata hati; tunaomba wakumbukwe.

La mwisho tunalisema kwa sauti ya chini, maana hatujui kama ni kweli. Tumesikia kwamba yule askari atahamishwa kwenda mbali, kwa kuwa alisema zaidi ya alichotumwa. Hatuingilii kazi za ofisi. Tunakuarifu tu kwamba nyumba ya Mama Uzi imefika kwenye linta, usawa wa juu ya madirisha, na chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama kisiwa, amemtengea kaka yake. Mafundi wanamuuliza mlango wa chumba hicho ufungukie upande gani. Anawaambia wangoje, mwenye chumba aje aseme mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama kwako, na akupe usingizi mtulivu kama huu tunaolala sisi siku hizi.

Ni sisi,
Wakazi wa Nyuma ya Kisiwa