Ndoo ya Kumuaga Mzee Povu

Mheshimiwa Meya, Kamanda wa Zimamoto, ndugu wageni waalikwa, askari mliosimama juani kwa sare kamili, na majirani wa mtaa wa bondeni: nawasalimu nyote. Nimeombwa niseme machache kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa habari niliyelifuatilia jambo la kisima cha bondeni tangu mwanzo.

Tunamuaga mkufunzi mkuu anayestaafu, mnayemwita Mzee Povu. Jina hilo alilipata uwanjani hapa, akiwafundisha askari kuzima moto wa mafuta kwa povu. Mnakumbuka kwa nini uwanja huu ulipendwa? Ni mchanga wake. Povu likimwagwa asubuhi, mchana pamekauka, hakuna tope wala anayeteleza. Hata matangi ya magari yalisuuziwa hapa.

Je, povu lilikwenda wapi? Lilipotea machoni tu. Lilikuwa na kemikali zenye florini, ambazo vijidudu vya udongo haviwezi kuzimaliza. Baadhi hung'ang'ania chembe za udongo, nyingine hufuatana na maji. Kila msimu wa mvua huzisukuma chini zaidi, hadi kwenye maji yaliyo ardhini, nayo hutembea polepole kuelekea bondeni. Ndiyo maana kisima cha bondeni kilipopimwa kilikutwa nazo, ingawa povu lile liliachwa zamani. Udongo ulikuwa bado unaziachia.

Kisima hicho ni cha dada yake Mzee Povu, na nusu ya mtaa ilichota hapo. Wapimaji walikwenda kumweleza, akawafukuza. Wengi wangekaa kusubiri ripoti nyingine. Mzee Povu alikwenda mwenyewe, mbele ya majirani waliopanga ndoo, nami nikiwa nyuma yake.

"Dada, funga kisima."

"Maji maangavu hivi? Hebu onja!"

"Kemikali hizo hazina rangi wala harufu. Ni povu letu, Dada. Nililimwaga mimi."

"Basi nitachemsha."

"Ukichemsha, maji yanapungua, zenyewe zinabaki."

Dada akamtazama kuanzia kofia hadi buti. "Miaka yote unakuja hapa kusifia chai yangu, kumbe na wewe umeitia mkono!"

Majirani wakacheka. Mzee Povu hakucheka. Dada akaingia ndani, akatoka na kufuli la stoo. "Haya, funga. Lakini maji ya kunywa utanibebea wewe."

Na alimbebea, kutoka bomba la kituoni, akiwa na cheo chake begani, hadi bomba jipya lilipofika bondeni. Kisima kile hakitafunguliwa karibuni, na sitawadanganya kwamba mchanga huu umepona.

Ndugu zangu, kikosi hiki kina desturi ya kummwagia povu askari anayestaafu. Leo asubuhi vijana walileta pipa, wakamhakikishia kuwa povu la sasa halina kemikali zile. Akawajibu, "Hata lile la kwanza niliambiwa ni salama. Rudisheni."

Kwa hiyo pipa limerudi stoo. Badala yake, pale nyuma ya viti amesimama dada yake, na ndoo imejaa. Nimeuliza: ni maji ya bomba.

Nawashukuru kwa utulivu wenu. Mzee Povu, vua kofia. Dada, karibu mbele.